Nasieku na Mfereji wa Baba Mkwe

Nasieku hunywa chai ya asubuhi akiwa amesimama. Na kusimama kwenyewe si kusimama, ni kutembea. Hutoka mlangoni na kikombe, akaenda hadi kwenye kamba ya nguo, akagusa shati kuona kama limekauka, akapiga funda, akaenda getini kutazama kama gari la ofisi limefika barabarani, akarudi nusu ya njia. Simu ikilia huipokea, na kikombe hukiweka popote mkono ulipofika. Ndiyo maana katika uwanja wetu wa vyumba vya kupanga, pale Sakina, vikombe vya Nasieku hupatikana juu ya tangi la maji, juu ya betri mbovu ambazo mumewe Solomoni, fundi gari, amezipanga ukutani, au kwenye madirisha ya watu. Chai huwa imebaki robo, imepoa, na nzi ameshaionja.

“Mama Princess!” Zakia, jirani anayekaanga vitumbua mlango wa pili, humwita kwa sauti ya mtaa mzima. “Kikombe chako kimelala kwangu tena. Nikianza kukitoza kodi utalia.”

“Kimwage tu, dada. Nakuja.”

“Unakuja wapi, na umeshavaa viatu? Kaa chini siku moja unywe chai kama binadamu!”

“Nikikaa nasahau kusimama,” Nasieku hujibu, na jibu lenyewe hulitoa akiwa upande wa pili wa geti.

Princess ni binti yake mkubwa, anasoma sekondari ya bweni. Nasieku mwenyewe amepita arobaini, ni mwembamba, na meno yake ni ya kahawia kama ya wengi waliokulia kuzunguka Mlima Meru. Ukicheka Dar es Salaam na meno hayo, watu wanajua umetoka wapi bila kukuuliza. Ni maji. Chemchemi na visima vingi vya huku vina madini ya floraidi, mengi kuliko mwili unavyoweza kuyabeba. Hayana rangi wala harufu, na mtu akitoka juani akayanywa atayasifu. Kwa wengi wetu yanaishia kwenye meno. Kwa baadhi ya watoto yanafika kwenye mifupa, na miguu inapinda. Mingine hutoka nje kama upinde, mingine magoti hugongana kila hatua.

Kazi ya Nasieku ni watoto hao. Shirika lake ni dogo, ofisi iko Njiro, na yeye ndiye anayepanda mlimani kuwatafuta. Anaingia boma kwa boma, anakaa na wazazi, anawaeleza upasuaji ni nini, anarudi wakikataa, anarudi tena wakikataa kwa ukali. Wakikubali anashuka nao hospitali. Analala nao kwenye benchi la wodi. Mtoto akirudi nyumbani na plasta ngumu miguuni, hogo kama tunavyoiita, yeye ndiye anayekwenda kumfundisha mama namna ya kumgeuza bila kumuumiza. Picha za kwenye vipeperushi vya misaada huonyesha wageni wamechuchumaa katikati ya watoto. Sijawahi kuona kipeperushi chenye picha ya Nasieku, na nadhani hata angepigwa angetoka amefifia, kwa sababu asingetulia mbele ya kamera.

Miezi michache iliyopita kazi hiyo ilimpeleka mahali ambapo hakutaka kwenda.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba, baridi kali, ukungu umeuficha mlima wote. Kwenye kikao cha ofisi Catherine, mratibu wa mradi, alitangaza kwamba madaktari bingwa wa mifupa wamefika na watapasua hadi Ijumaa. Baada ya hapo hakuna anayejua watarudi lini. Vitanda vyote vimeshapata watoto isipokuwa kimoja.

“Kimebaki kwa ajili ya Namnyaki,” alisema Catherine. “Dada Nasieku, huyu si mtoto wa kwenu?”

“Ni mtoto wa shemeji yangu, Nathanael.”

“Basi nenda wewe. Kwako itakuwa rahisi.”

Arnold, dereva wa ofisi, alipaliwa na chai. Arnold amekulia Ngaramtoni na anajua mambo ya Waarusha. Yeye ndiye aliyenisimulia sehemu kubwa ya habari hizi, kwa vicheko ambavyo Nasieku hakuvipenda.

“Si kwetu, ni ukweni,” alisema Nasieku.

“Kuna tofauti?” Catherine aliuliza kwa nia njema kabisa. Amekulia Mwanza, na ni mtu mwenye huruma.

“Ipo. Mimi na baba mkwe hatuongei.”

“Mmegombana?”

“Hata tusingegombana.” Nasieku alikuwa ameshainuka, anafungua dirisha ambalo hakuna aliyemwomba alifungue. “Na tumegombana pia.”

Sehemu ya kwanza ya jibu lile ni desturi. Katika boma alikoolewa, mke wa mwana haketi mbele ya baba mkwe, hali chakula akitazamwa naye, halitaji jina lake. Akiwa na neno, humwambia mama mkwe, naye hulifikisha. Sehemu ya pili ni habari ya mfereji.

Mzee Elirehema, baba mkwe wake, anaishi juu ya Oldonyosambu, upande wa mlima uliokauka, vumbi tupu mvua zikichelewa. Ujanani mwake wanawake wa pale walishinda njiani wakitafuta maji. Mzee akawakusanya vijana wenzake, wakachimba mfereji kutoka kwenye chemchemi ya juu, kwa majembe na sururu, wakipasua mawe. Maji yakafika. Mahindi yakaota, ng’ombe wakanywa karibu, na mpaka leo watu wanaelekezana njia kwa kusema “ukishavuka mfereji wa Elirehema”. Hana cheo kingine, na hakuwahi kukitafuta.

Kisha shirika likapima maji yale, na yakaonekana kuwa na floraidi nyingi sana. Ikaamuliwa jiwe la mdomo wa mfereji lipakwe alama nyekundu, watu wajue kwamba watoto wadogo wasinyweshwe. Aliyeijua njia ya kufika kwenye lile jiwe alikuwa Nasieku. Habari yenyewe alitaka kumfikishia mzee kama inavyopaswa, kupitia kwa mama mkwe. Lakini wiki ile mama mkwe alikuwa msibani huko Monduli, na wapaka rangi walikuwa na siku moja tu. Kumwendea baba mkwe moja kwa moja lilikuwa jambo ambalo halikumjia hata akilini. Akapanda na brashi. Mzee Elirehema aliambiwa na jiwe lake mwenyewe, jioni, alipokwenda kufungulia maji.

Kesho yake alilikwangua kwa panga. Tangu siku hiyo alipomtaja mke wa Solomoni alisema “yule wa shirika”, na Nasieku alipomwinamia kichwa akiguse, kama wazee wanavyowasalimu walio wadogo, mzee aliviacha viganja vyake juu ya fimbo.

Sasa mtoto aliyepinda miguu ndani ya boma lile lile ni Namnyaki, mwenye miaka minane, anayelelewa na babu na bibi kwa sababu mama yake ameolewa kwingine na baba yake Nathanael yuko barabarani na malori. Muhula ule alikuwa ameacha shule, si kwa kutaka. Magoti yalimuuma, akawa anafika katikati ya njia anakaa. Daktari alishasema kwamba akiachwa akue hivyo, magoti yatakufa kabisa. Nathanael alipopigiwa simu alijibu, “Mzee akisema ndiyo, na mimi nimesema ndiyo.” Maofisa wawili wa shirika waliwahi kwenda; walipewa maziwa, wakatembezwa kuuona mfereji, wakarudi na shibe. Solomoni, mume wa Nasieku, naye alikwenda kumsihi baba yake. Alikula nyama, akashinda hapo, akarudi Sakina.

“Ulimwambia?” Nasieku alimwuliza.

“Nilikuwa namalizia mbavu, mazungumzo yakahamia kwenye ng’ombe.”

“Solomoni!”

“Na wewe nenda basi, tuone.”

Jumanne akaenda. Ndani ya gari alivua kizibao cha bluu cha shirika, akakivaa, akakivua tena.

“Mama, hicho kitachanika,” Arnold alimwambia. “Amua.”

Akakikunja akakiweka chini ya kiti, akajitanda shuka. Mahali barabara ilipokufa waliteremka wakapanda kwa miguu, Nasieku mbele, akienda kasi mpaka Arnold akaomba kupumzika. Walimkuta Koko, kama familia nzima inavyomwita mama mkwe, amekaa mlangoni mwa jiko anamenya maharage. Mzee Elirehema alikuwa kwenye kigoda chake karibu na zizi, si mbali. Neno la kawaida linasikika. Nasieku akamwendea, akainamisha kichwa. Mkono haukuja. Akarudi jikoni, akakaa nyuma ya mlango, mgongo kwa zizi.

“Yeyo,” alimwambia mama mkwe, yaani mama, “mwambie baba nimekuja kwa ajili ya Namnyaki.”

Koko hakuinua macho. “Anasema amekuja kwa ajili ya Namnyaki.”

“Nimesikia,” alisema mzee. “Mwulize amekuja nani. Shirika au mke wa Solomoni?”

“Mwambie wote wawili.”

“Achague. Sina maziwa ya wageni wawili.”

Koko akacheka peke yake, maharage yakamwagika. Nasieku akawa anayaokota huku akisema yale anayoyasema kila boma. Akasema kuhusu floraidi, akasema kuhusu mifupa, akasema kwamba mtoto ana ulemavu na ulemavu huu una tiba. Koko alikuwa ameshafikisha nusu yake pale mzee aliponyanyuka.

Mzee Elirehema naye ana miguu iliyopinda. Imetoka nje kwenye magoti, na akitembea hupepesuka kidogo kila upande. Alitembea mpaka mwisho wa zizi, akageuka, akarudi mbele ya mlango wa jiko.

“Mwambie atazame. Kwa miguu hii nimechunga mpaka Longido. Kwa miguu hii nimepasua mawe ya ule mfereji. Kwa miguu hii nilikwenda kumposa huyo anayemenya maharage, naye hakulalamika.”

“Nililalamika,” alisema Koko. “Hukusikia.”

Arnold akageuka kuwatazama ng’ombe, mabega yakimcheza.

“Leo naambiwa ni ulemavu,” mzee aliendelea. “Na yule mtoto wa jirani aliyempeleka mwaka jana, wamemkata mifupa kwa msumeno. Alilia nikamsikia nikiwa hapa.”

“Mwambie yule mtoto sasa anacheza mpira.”

“Mwambie nimemwona. Anakimbia kama mwizi. Sikusema hawawezi kunyoosha.” Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Arnold anasema hapo ndipo alipoacha kucheka. “Nauliza wasipoweza. Walikuja wa mabomba, wakasherehekea, mabomba yakapasuka, wako wapi? Walikuja wa mbuzi, wako wapi? Namnyaki anaharibika, gari linageuka pale chini, na mimi nabaki na mtoto. Mwulize siku hiyo shirika litakuwa wapi.”

Nasieku alisubiri mama mkwe aseme. Koko aliendelea na ganda la haragwe alilokuwa nalo, akalimaliza, akalitupa.

“Hilo silibebi,” alisema. “Limekuwa zito. Jibu mwenyewe.”

“Yeyo, siwezi.”

“Basi mwende bila jibu. Maharage yangu yanataka moto.”

Nasieku akasimama. Akazunguka mlango, akatoka uani, akasimama mbele ya baba wa mume wake. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama usoni kwa muda wote huo. Hakumweleza tena habari za mifupa.

“Baba,” alisema, “shirika sijui litakuwa wapi. Mimi nitakuwa Sakina.”

Mzee aliitazama fimbo yake. Kuku alipita katikati yao. Ndani ya nyumba Namnyaki, ambaye alikuwa anasikiliza kila kitu, aliangusha kitu kikavunjika, na hakuna aliyemkemea.

“Kwa gari lile haondoki,” mzee alisema hatimaye. “Simpi shirika mtoto. Nampa mke wa mwanangu. Umpeleke wewe, umwuguze wewe, akae kwako mpaka siku atakayotembea. Akiharibika, asije mtu kuniambia ni maji au ni daktari. Ni wewe. Na hapa hutakanyaga tena.”

“Nimesikia, baba.”

“Mwambie achukue blanketi,” alisema mzee, akirudi kwa Koko kana kwamba mkwe hayupo. “Huko chini kuna baridi.”

Kwa hiyo Namnyaki alishuka mlimani kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na Nasieku, miguu yake iliyopinda ikimkumbatia dereva kiunoni vizuri kuliko miguu ya mtu yeyote. Nyuma yao lilifuata gari la shirika, tupu, kubwa, likila vumbi lao.

“Mama, mpe mtoto walau kiti!” Arnold alipiga kelele dirishani kila barabara ilipopanuka.

“Hapana!”

“Nani atajua?”

“Mimi!”

Namnyaki alimpungia mkono Arnold mpaka lami.

Jioni Catherine aliposikia masharti yale alishika kichwa. Kanuni za ofisi haziruhusu mfanyakazi kumsimamia mgonjwa wa familia yake. Nasieku akamwambia kwamba hamsimamii, anachukua likizo, na mtoto apokelewe na mfanyakazi mwingine kama mtoto yeyote aliyeletwa na mtu wa kwao. Catherine alifikiri, akakubali, akamkumbatia. Kisha, kwa kuwa ana huruma, akaongeza jambo. Nafasi ilikuwa imefunguka kwenye mradi wa Babati, kazi ile ile. “Kule hakuna mkwe wala mfereji. Ungefanya kazi ukalala usingizi. Fikiria, dada.” Nasieku akasema atafikiria.

Namnyaki alipasuliwa Alhamisi. Nasieku ameshawakalisha akina mama wasiohesabika kwenye lile benchi la nje ya chumba cha upasuaji, amewashika mikono, amewaambia wapumue. Siku ile benchi halikumwona. Alitembea ukumbi wote, akasoma matangazo ya ukutani, akatembea tena, akamwuliza nesi saa, akarudi kumwuliza.

“Mama, utanimalizia sakafu,” nesi alimwambia.

Kwenye benchi alikuwepo Hedwiga, mama wa Kimeru kutoka upande wa pili wa mlima, ambaye mwanawe alikuwa amepasuliwa asubuhi. Nasieku ndiye aliyemshawishi kumleta. Hedwiga alimtazama akipita mara nyingi, kisha akamkamata upindo wa gauni.

“Si wewe uliyetuambia tukae, tutulie, tuwaachie madaktari kazi yao?”

“Nilikuwa sijui ninachosema,” alisema Nasieku.

“Ninyi wa mashirika bwana!” Hedwiga akasogea kumpa nafasi. Nasieku akaikalia ile nafasi kidogo, akainuka.

Mtoto alitoka salama. Miguu yote miwili ilikuwa kwenye hogo kuanzia mapajani, mizito, myeupe. Lakini Jumamosi akapandwa na homa. Hapo Nasieku hakulala wala hakula. Kila nesi alipoingia alimfuata mpaka kitandani na mpaka mlangoni, akiuliza kama ni kidonda, kama ni mfupa, kama ni damu. Alimpigia Solomoni simu akamwambia ajiandae, bila kumwambia kwa lipi. Solomoni akaja na mafuta ya gari mikononi, wakasimama wote wawili pembeni ya kitanda wakimtazama mtoto anayetetemeka chini ya lile blanketi la Koko.

Jumapili mzee Elirehema aliingia wodini. Hakuna aliyempigia simu, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Alikuwa ameteremka mwenyewe kwa Noah ya abiria mpaka mjini, koti lake la kanisani limeshika vumbi, akaulizia njia mpaka akafika. Nasieku alipomwona akatoka. Alisimama nje, upande wa dirisha lililo wazi, na mzee akakaa kwenye stuli ndani, karibu na kichwa cha mjukuu. Hivyo walikaa mchana ule, ukuta mmoja katikati. Daktari alipita, akamfungua Namnyaki kinywa, akamulika, akasema vidonda viko sawa, ni koo. Dawa ikabadilishwa. Kufikia jioni mtoto alikuwa anadai soda.

“Namnyaki,” alisema mzee, macho kwenye sakafu, “mwulize huyo wa dirishani kama amekula.”

“Babu anauliza umekula?”

“Mwambie babu nimekula.”

“Anasema amekula.”

“Mwambie anadanganya. Nesi ameniambia.”

“Babu anasema unadanganya.”

“Mwambie babu—”

“Ambianeni wenyewe!” Namnyaki alilia. “Mimi ni mgonjwa!”

Wodi nzima ikacheka, na mzee akajikohoza muda mrefu. Aliondoka kabla giza halijaingia. Alipopita dirishani alisimama, akaacha juu ya kizingiti mfuko wa karatasi wenye ndizi mbivu, akaenda zake bila kugeuka. Nasieku hakuzila mpaka gari alilopanda mzee lilipokuwa limeshatoka mjini. Hata hapo alizila akitembea.

Siku hizi Namnyaki anatawala uwanja wetu. Asubuhi Solomoni humbeba na kumlaza kwenye godoro chini ya kamba ya nguo, na kutoka hapo huwaamuru watu wote. Zakia humletea vitumbua vya kwanza kutoka kwenye mafuta na humwita bibi harusi kwa jinsi anavyobebwa. Nasieku amerudi kazini. Hawezi kupita lile godoro bila kuinama.

“Chezesha vidole.”

“Nimechezesha, mama mkubwa.”

“Tena.”

“Vidole vimechoka!”

“Tena kidogo.”

Ndani ya ile plasta hakuna anayejua kulivyo. Picha ya mwisho ilionyesha mguu wa kulia umeunga vizuri. Wa kushoto daktari aliutazama kwa muda mrefu zaidi, akasema tusubiri. Nasieku analijua neno hilo. Amelitafsiri kwenye maboma mengi, na sasa anazunguka nalo mwenyewe. Huko mlimani habari imefika kila mahali kwamba amempeleka mtoto wa ukweni kupasuliwa. Zamani watu walimwuliza, “Wa kwenu umempeleka?” akakosa jibu. Sasa analo, lakini baadhi ya wazazi wanamwambia waziwazi kwamba watangoja wamwone Namnyaki akitembea ndipo nao waamue. Anawaelewa. Wakati anawaelewa anakuwa ameshainuka, anatafuta viatu.

Mzee Elirehema anakunywa maji ya mfereji wake kama zamani, na hakuna anayemwambia kitu. Ila Koko amepata tangi la maji ya mvua kwa ajili ya wajukuu wadogo waliobaki, na mzee mwenyewe ndiye aliyeliwekea mawe ya kulikalisha. Kuhusu mke wa Solomoni hajasema neno. Anangoja, kama alivyosema.

Nafasi ya Babati, Catherine aliishikilia muda mrefu kuliko alivyoruhusiwa. Wiki iliyopita Nasieku alimpigia simu akaikataa. Alizungumza akiwa anaanua nguo, simu imebanwa begani, na sote tulisikia. Alishukuru, akasema hapana, akashukuru tena. Kisha akaendelea kukunja nguo kwa haraka, vibaya, mikono ya mashati ikining’inia.

Tangu tuwe majirani sikuwahi kumwuliza kitu. Nilikuwa nasikiliza tu. Jioni ile nilimshikia upande wa pili wa shuka tulikunje, na nikamwuliza kwa nini hakutaka kwenda Babati, mahali ambapo hakuna mtu anayemjua.

Alivuta shuka lake, akatazama lile godoro.

“Namnyaki hajatolewa hogo,” alisema.